Kijana mkorofi, mtoto aliyeumizwa: jinsi ukatili wa utotoni unavyoongeza hatari ya kujiua

Daftari la nidhamu la shule ya sekondari huwa na safu nne: jina, kidato, kosa, adhabu. Ukilifungua utakuta majina machache yanayorudi kila wiki. Kulala darasani. Kumjibu mwalimu. Kutoroka bwenini. Kukutwa na pombe kali ya waragi. Safu ya tano, ya yaliyomsibu mtoto kabla hajaitwa mkorofi, haimo. Ni pengo la hatari, kwa kuwa miongoni mwa majina hayo wamo vijana walioumizwa wakiwa wadogo, na vijana hao wamo katika kundi lililo karibu zaidi na kujiua kuliko wenzao wote.

Jambo lenyewe ni kubwa. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulifanyika Uganda mwaka 2015 na matokeo yake yakatolewa 2018. Vijana wa miaka 18 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18. Asilimia 35 ya wasichana na asilimia 17 ya wavulana walisema walifanyiwa ukatili wa kingono. Waliopigwa walikuwa asilimia 59 ya wasichana na asilimia 68 ya wavulana. Karibu theluthi moja, wa kike kwa wa kiume, walidhalilishwa kwa maneno: waliambiwa hawapendwi, walitamaniwa kifo, walitwezwa na mtu mzima aliyepaswa kuwalea.

Je, maumivu hayo yanafungamana vipi na kujiua miaka kumi baadaye? Kazi inayotajwa zaidi ilifanyika San Diego, Marekani, ambako watu wazima 17,337 waliulizwa kuhusu mabaya ya utotoni: kipigo, kunajisiwa, matusi, mama kupigwa mbele yao, mlevi au mfungwa ndani ya nyumba. Matokeo yalichapishwa 2001. Baya la aina moja tu lilipandisha hatari ya kujaribu kujiua mara mbili hadi mara tano, kutegemea ni lipi. Na kadiri mabaya yalivyorundikana, ndivyo hatari ilivyopanda. Katika watu 100 ambao hawakupatwa na lolote, mmoja hivi aliwahi kujaribu kujiua. Katika 100 waliopatwa na mabaya saba au zaidi, ni 35.

Namba hizo zisomwe pande zote mbili. Thelathini na watano kwa mmoja ni tofauti ya kutisha. Lakini maana yake pia ni kwamba watu 65 katika 100, waliobeba mzigo mzito kuliko wote, hawakujaribu kujiua hata siku moja. Mwalimu au shangazi anayefahamu kuwa binti aliumizwa asimtazame kana kwamba hukumu imekwisha kutolewa. Utafiti huohuo ulionyesha pia kuwa sehemu ya uhusiano huo inapitia kwenye sonona, pombe na dawa za kulevya. Yote hayo yanatibika, na kwa hiyo njia ya kutoka kwenye kidonda cha utotoni hadi kifo cha kijana ina vituo, na katika kila kituo mtu anaweza kuzuiwa asiendelee.

Wapo wanaouliza kama tatizo si umaskini au ugomvi wa nyumbani tu, wala si unyanyasaji wenyewe. Swali ni la haki. Nchini Australia walichunguzwa mapacha, jozi karibu 2,000, na matokeo yakatoka 2002. Pacha hukulia nyumba moja na kula chungu kimoja. Hata hivyo, pale ambapo mmoja alinajisiwa na mwenzake hakuguswa, aliyenajisiwa ndiye aliyekuwa na hatari kubwa zaidi ya kujaribu kujiua. Mazingira mabaya yana mchango wake, lakini kitendo chenyewe kina uzito wake peke yake.

Watu wengi hudhani ubakaji pekee ndio unaofikisha mtu huko. Ni kweli kwamba ukatili wa kingono hutokea juu katika tafiti nyingi. Lakini kipigo na matusi ya kila siku havikai mbali nao, na mtoto aliyepatwa na vyote viwili au vitatu yuko kwenye hatari kubwa kuliko aliyepatwa na kimoja. Matusi ndiyo yanayopuuzwa zaidi, maana hayaachi kovu la kumwonyesha daktari.

Namna bora ya kuelewa kinachoendelea ndani ya kijana ni ile aliyoieleza mwanasaikolojia Thomas Joiner mwaka 2005. Anasema mtu hufika ukingoni pale mambo matatu yanapokutana. La kwanza ni kujiona hana pa kwake, hana watu wake. La pili ni kujiona mzigo: kwamba waliobaki wangepumua vizuri zaidi asingekuwepo. La tatu ni kuzoea maumivu na hofu kiasi kwamba kizuizi ambacho Mungu amemwekea kila kiumbe, ule woga wa asili wa kujidhuru, kinalegea.

Sasa yatazame matatu hayo ukiwa na mtoto mmoja mbele yako. Mama alifariki, akapelekwa kwa baba mdogo. Kila jioni, sufuria ya posho (ugali) ikiteremshwa, anaambiwa, "Wewe unakula tu, karo yako nani atalipa? Ndugu zako wote walikukataa." Hakuna aliyempiga kwa panga. Lakini sentensi hiyo moja imemfundisha la kwanza na la pili kwa pamoja, kwa sauti ya mtu anayemtegemea, kila siku, kwa miaka. Kisha mjomba wa kambo anaanza kumwingilia usiku, naye hawezi kusema kwa sababu nyumba ni hiyo hiyo. Mwili wake unajifunza kuondoka akilini wakati unaumizwa. Akifika miaka 15, la tatu limekwisha kufundishwa. Hakuna aliyemwambia ajiue. Amefundishwa hatua kwa hatua kuona kuwa kuishi kwake ni kosa, na kuwa maumivu si kitu cha kuogopa.

Aibu ndiyo inayofunga mlango. Mtoto mdogo hawezi kuamini kwamba anayempa chakula ni mbaya, kwa hiyo huamua kwamba mbaya ni yeye. Uamuzi huo hufanywa kabla ya akili ya kupima mambo kukomaa, na hubaki humo hata akiwa na ndevu.

Mwilini nako kuna mabadiliko. Mtu akitishwa, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya kotisoli, moyo hudunda, misuli hukaza. Hatari ikipita, ubongo huzima kengele. Kwa mtoto anayeishi na hatari ndani ya nyumba, kengele haizimiki vizuri. Mwaka 2009 watafiti wa Kanada walichunguza ubongo wa watu 36 waliofariki, idadi ndogo, lakini walichokiona kilizua tafiti nyingi zilizofuata: waliojiua na ambao walinyanyaswa utotoni walikuwa na alama za kikemikali kwenye jeni linalosaidia kuizima kengele hiyo, na waliojiua bila kunyanyaswa hawakuwa nazo. Halafu unakuja ubalehe. Sehemu za ubongo zinazowasha hasira, hofu na hamu hushika kasi mapema, ilhali sehemu ya mbele, iliyo kama breki, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Kijana yeyote huendesha gari la namna hiyo. Aliyeumizwa huliendesha huku honi imekwama.

Ndiyo maana sonona ya kijana mara nyingi haionekani kama huzuni. Mtu mzima mwenye sonona hulia na kujifungia. Kijana hugomba, huvunja vitu, hucheka mahali pasipo pa kuchekea, hunywa. Halali usiku kwa sababu usiku ndio uliokuwa na hatari, basi hulala kwenye somo la hesabu. Ukimgusa bega kwa nyuma anaruka na kutupa ngumi kabla hajajua ni nani. Huko Busia, jua la saa nane likiwaka, msichana amevaa sweta la mikono mirefu na hataki kulivua hata kwenye michezo. Mwalimu anasema ni kiburi. Huenda kuna mikato mkononi, ya maumivu anayojitia mwenyewe ili maumivu ya ndani yapungue kwa dakika chache. Kujikata si sawa na kutaka kufa, lakini ni mojawapo ya dalili kubwa kwamba hatari inaweza kufika huko, na haipaswi kuchekwa wala kuadhibiwa.

Hapa ndipo shule nyingi hukosea, na kosa lenyewe ni kiboko. Sheria ya Watoto ya Uganda, kwa marekebisho ya 2016, imepiga marufuku adhabu ya viboko shuleni. Kiboko bado kipo. Kwa mtoto aliyefundishwa nyumbani kuwa yeye ni takataka na kuwa mwili wake ni wa kupigwa, fimbo ya mbele ya gwaride ni somo lile lile kwa mwalimu mwingine: inamtenga na wenzake, inamthibitishia kuwa ni mzigo, inazidi kumzoeza maumivu. Mambo yale matatu, yote kwa viboko vinne. Na si kweli kwamba shule haziwezi kubadilika. Shule za msingi 42 za wilaya ya Luwero zilifanyiwa majaribio kati ya 2012 na 2014 kwa kutumia mwongozo wa Good School Toolkit wa shirika la Raising Voices la Kampala, ambao huwashughulisha walimu, wanafunzi na wazazi pamoja. Mwishoni, katika shule zilizoutumia, wanafunzi waliosema mwalimu aliwapiga ndani ya wiki iliyopita walikuwa asilimia 31. Katika shule nyingine walikuwa 49.

Kidonda cha zamani peke yake hakisukumi. Mara nyingi kuna jambo la karibu: matokeo ya mtihani, kufukuzwa kwa ajili ya karo, mimba, kuachwa na mpenzi, siri kufichuliwa, au mnyanyasaji kurudi kijijini kwa sikukuu. Kwa vijana, muda kati ya wazo na kitendo unaweza kuwa mfupi sana, pengine dakika. Wimbi likipita, wengi hawajaribu tena. Basi kilicho karibu na mkono wakati wa wimbi kina uzito kuliko watu wanavyodhani. Nyumba za wakulima zina dawa za kunyunyizia mazao, na kwingi huwekwa chini ya kitanda ili zisiibwe. Sri Lanka ilipiga marufuku dawa za kilimo zenye sumu kali kwa awamu, hasa kuanzia katikati ya miaka ya 1990, na katika miaka ishirini vifo vya kujiua nchini humo vikashuka kwa takriban asilimia 70. Kwa familia ni hivi: dawa ziwe kwenye sanduku lenye kufuli, nje ya nyumba ya kulala, ufunguo kwa mtu mzima mmoja, au zinunuliwe za kutosha kazi ya siku hiyo tu. Vidonge vya mgonjwa wa nyumbani vivyo hivyo.

Tuje kwenye kuuliza. Hofu kubwa ya wazazi ni kwamba ukimtajia kijana kujiua utampa wazo. Jambo hili lilipimwa katika jimbo la New York kwa wanafunzi 2,342 wa sekondari, na matokeo yakatoka 2005: walioulizwa hawakuwa na mawazo ya kujiua zaidi ya wasioulizwa, na waliokuwa tayari wamesononeka walipata nafuu kidogo. Muulize, na umuulize waziwazi.

Mahali ni muhimu kuliko maneno. Usimwite ofisini mbele ya walimu watatu huku mkuu wa shule akiandika. Tembeeni kuelekea bustani ya shule, au keti naye pembeni, ubavu kwa ubavu, mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Anza na unachokiona, si unachokishuku: "Mwanangu, wiki mbili hizi hulali, na jana ulimpiga rafiki yako. Wewe si mtu wa hivyo. Kuna nini?" Nyamaza. Nyamaza tena. Kisha: "Mtu akibeba mambo mazito, wakati mwingine hufikiria kufa. Wewe umewahi kufikiria kujiua?" Akikubali, uliza lini mara ya mwisho, kama amefikiria namna, kama ana kitu cha kutumia, na kama amewahi kujaribu. Akisema ana mpango, ana kitu, na ni leo au kesho, asiachwe peke yake hata chooni, kitu hicho kiondolewe, na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Usimwahidi siri. Watu wazima wema huharibu hapa: mtoto anasema, "Nikikuambia usimwambie mtu," nao wanaapa. Baadaye wanalazimika kuvunja kiapo, na mtoto anajifunza tena kwamba wakubwa husaliti. Mwambie, "Sitamwambia asiyehusika. Lakini kama uhai wako uko hatarini nitamtafuta wa kutusaidia, na nitakuambia kwanza ni nani." Na usimwite mzazi kabla hujajua aliyemuumiza ni nani. Kuna watoto waliorudishwa jioni hiyo hiyo mikononi mwa mtu waliyemtaja.

Lugha nayo ina kazi. Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwa watoto waliotoka Kongo, na kwenye familia za Wanubi wa Bombo na Arua, Kiswahili kinaweza kuwa mlango wa kwanza. Mwingine atataka Kiganda au Kiacholi. Mkalimani asiwe ndugu yake, na kamwe asiwe mtoto mwenzake.

Akieleza kuwa amenajisiwa juzi au jana, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Asioge kwanza, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu kwenye plastiki huota ukungu na ushahidi unaharibika. Fomu ya polisi ya uchunguzi ni PF3A, lakini dawa zisingoje fomu. Polisi ina kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia. Makamu mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) ndiye katibu wa masuala ya watoto kijijini. Wilaya ina afisa wa ustawi wa jamii. Simu ya msaada kwa watoto, Sauti 116, hupigwa bure. Mzee wa ukoo anayeleta mbuzi ili "yaishe nyumbani" anamwambia mtoto kwamba bei yake ni mbuzi.

Kuna kikwazo kingine, cha kisheria. Kanuni ya Adhabu ya Uganda, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Familia husema mtoto "alikunywa kwa bahati mbaya", mhudumu anatibu tumbo, na hakuna anayeuliza sababu. Tunaona sheria hiyo inaua. Hata ikiwa ingali kitabuni, hakuna kinachomzuia mhudumu kumsikiliza mgonjwa wake.

Kwa kijana ambaye hatari yake si ya saa hiyo, kinachosaidia ni karatasi moja. Barbara Stanley na Gregory Brown wa Marekani waliuita mpango wa usalama, na hospitali zilizoutumia pamoja na kuwapigia wagonjwa simu zilipunguza vitendo vya kuelekea kujiua kwa karibu nusu ndani ya miezi sita. Ukurasa wa daftari la shule unatosha. Aandike mwenyewe, kwa maneno yake. Kwanza, dalili kwamba wimbi linakuja: "masikio yanapiga kelele, nataka kukaa gizani." Pili, analoweza kufanya peke yake: kuchota maji, kusali, kucheza mpira. Tatu, watu na mahali pa kumsahaulisha: kwaya, kijiwe cha boda cha kaka yake. Nne, wa kuwaambia ukweli: ssenga (shangazi), mwalimu mlezi. Tano, wahudumu na namba zao. Sita, namna ya kuweka mbali vitu vya hatari, na nani atakayefanya hivyo. Karatasi huharibika pale mtu mzima anapoijaza kwa mambo yake: "nitasoma kwa bidii". Hilo si mpango, ni ahadi kwa mwalimu. Jaribu kila mstari kwa kumuuliza, "Saa nane ya usiku, simu haina chaji, hili utaliweza?" Kama hapana, lifutwe.

Kidonda chenyewe kinahitaji tiba ya muda mrefu zaidi, na Uganda ina uzoefu wake. Kaskazini, vijana 85 waliowahi kuwa askari watoto walishiriki utafiti uliochapishwa 2011, ambapo washauri wa kienyeji waliofunzwa, wasio madaktari, waliwasaidia kusimulia maisha yao kwa mpangilio katika vikao vinane. Dalili za kiwewe zilishuka kuliko kwa waliofundishwa masomo ya ziada. Kabla yake, 2007, ulitoka utafiti wa vijana 314 wa kambi za wakimbizi wa ndani: vikundi vya kuzungumza kila wiki kwa wiki 16 viliwapunguzia wasichana sonona waziwazi, lakini wavulana hawakupata nafuu ya kutosha. Hilo la wavulana linastahili kukumbukwa na kila anayeanzisha kikundi. Kwa hali nzito kuna Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala, na vitengo vya afya ya akili kwenye hospitali za rufaa za mikoa.

Wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali ndizo zenye hatari kubwa, na ndizo ambazo watu hudhani mambo yamekwisha. Shirika la Afya Duniani lilijaribu jambo rahisi katika nchi tano, kwa watu 1,867 waliojaribu kujiua: mazungumzo ya saa moja kabla ya kuondoka, kisha ziara au simu tisa. Wiki ya 1, ya 2, ya 4, ya 7 na ya 11; halafu mwezi wa 4, wa 6, wa 12 na wa 18. Baada ya miezi hiyo 18 waliofariki kwa kujiua walikuwa asilimia 0.2, dhidi ya 2.2 kwa waliopata huduma ya kawaida. Hata mhudumu wa afya wa kijiji mwenye baiskeli anaweza kuzifanya ziara tisa. Ahitaji tu kalenda, tarehe zote tisa ziandikwe siku ile ile mtoto anaporuhusiwa kwenda nyumbani, na awe na jina la kituo atakakompeleka akijibiwa kwamba hali si nzuri.